Kupima miwani ya uhalisia ulioongezwa kwa watumiaji: dhana potofu na ukweli

Miwani hii huchora picha za kidijitali juu ya vitu halisi anavyoviona mvaaji.

Dhana: Watu watano wanatosha.

Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba ikiwa kila kasoro ina uwezekano wa asilimia 31 wa kumkwaza mtumiaji mmoja, watumiaji watano watafichua takriban asilimia 85 ya kasoro zote. Hiyo ni hesabu ya kusaka kasoro. Kulinganisha ni kazi nyingine. Ukitaka kujua kama mishale inayoelea juu ya mashine humharakisha fundi kuliko maelekezo ya karatasi, na unatarajia tofauti ya ukubwa wa kati (d = 0.5, yaani nusu ya mchepuko sanifu), kwa kiwango cha 0.05 (uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwepo) na uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua iliyopo, tafuta watu 34 iwapo kila mmoja atajaribu njia zote mbili. Kama kila mtu anajaribu moja tu, ni 64 kwa kila kundi.

Dhana: Kila mshiriki akijaribu njia zote, ulinganisho ni wa haki.

Ni wa haki pale tu zamu zinapopangwa vizuri. Njia ya pili hufaidika na mazoezi yaliyopatikana kwenye ya kwanza. Ya mwisho hubeba uchovu wa macho na shingo. Kwa njia 4, tumia mraba wa Kilatini uliosawazishwa: mipangilio 4, ambamo kila njia huja baada tu ya kila nyingine mara moja, si zaidi. Idadi ya washiriki igawanyike kwa 4, na anayejitoa abadilishwe na mtu wa mpangilio uleule.

Dhana: Miwani ni ileile, kwa hiyo wote wanaona kitu kilekile.

Hapa ndipo data nyingi huharibika bila mtu kujua. Umbali kati ya mboni za macho kwa watu wazima wengi ni kati ya milimita 54 na 74. Miwani isiyorekebishwa humfifishia mtu pembe za picha na kusogeza michoro kutoka mahali pake, naye atafanya makosa ambayo wewe utayahesabu kuwa ya programu. Pima umbali huo kwa kila mshiriki, rudia kalibresheni (kurekebisha miwani ilingane na macho yake) kila anapovua na kuvaa tena, kisha hakiki: weka msalaba wa kidijitali juu ya alama halisi ukutani, mita 2 mbele yake, uulize vimeachana kiasi gani. Kwa umbali huo, nyuzi 1 ni kama sentimita 3.5. Kichwa kikigeuka kwa nyuzi 100 kwa sekunde na picha ikachelewa milisekunde 50, mchoro unakosa shabaha kwa nyuzi 5, yaani sentimita 17 hivi. Kwa hiyo hakiki akiwa ametulia, kisha akigeuza kichwa.

Mwanga nao ni sehemu ya kifaa. Lenzi angavu, ambazo mvaaji huona ulimwengu kupitia kwazo, huongeza nuru tu, haziwezi kuchora rangi nyeusi. Maandishi yanayosomeka ndani ya chumba chenye luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga) hupotea juani. Funga mapazia, na uandike luksi za kila kipindi.

Dhana: Video ya kamera ya miwani inaonyesha alichoona mshiriki.

Hapana. Programu hupachika michoro juu ya video, nayo huonekana mizito na imara kuliko ilivyokuwa kwenye lenzi.

Dhana: Wakiipenda, imefaulu.

Ugeni wa kifaa peke yake hufurahisha. Hojaji ya SUS ya John Brooke, inayopima urahisi wa kutumia kifaa, ina kauli 10 na alama 0 hadi 100, lakini 68 ni wastani wa kawaida, si asilimia 68 ya ubora. Andika pia muda na makosa, na anza kuhesabu baada ya mazoezi, muda wa kazi ukiacha kupungua.

Dhana: Usumbufu huulizwa mwishoni.

Hojaji ya SSQ ya mwaka 1993, inayopima kichefuchefu na usumbufu mwingine wa vifaa vya aina hii, ina dalili 16, kila moja ikipewa 0 hadi 3. Iulize kabla na baada, maana kuna anayekuja na kichwa kinachomuuma tayari. Kisha soma alama za dalili za macho peke yake, usizifiche ndani ya jumla. HoloLens, miwani ya Microsoft, kwa mfano, huweka fokasi ya picha kwenye mita 2 hivi. Mtu anayefunga skrubu sentimita 40 kutoka usoni hulazimika kuchagua kuona wazi ama mkono wake ama mshale.