Je, wajua kwa nini filamu nyingi za Wayahudi waliopigana msituni hazina picha za mapigano?

Tazama filamu za makala kuhusu Wayahudi waliowapiga Wanazi msituni: mara nyingi utawaona wazee wameketi wakisimulia, vita vyenyewe huvioni. Watengenezaji hawakufanya uvivu. Wakati wa Maangamizi ya Wayahudi, kamera nyingi zilikuwa mikononi mwa wauaji.

Mei 1942, kwa mfano, kikosi cha propaganda cha Ujerumani kiliingia geto la Warsaw, Poland, yaani mtaa ambamo Wayahudi walifungiwa, kupiga filamu. Matukio mengine kiliyapanga chenyewe, wakazi wakalazimishwa kuigiza anasa huku wenzao wakifa njaa mitaani. Filamu nyingi zilizobaki ni za namna hiyo, na anayezitazama peke yake ataamini kwamba Wayahudi walikwenda kufa bila kunyanyua mkono. Kumbe kati ya 20,000 na 30,000 walijiunga na vikosi vya msituni, hasa Ulaya Mashariki. Vikosi hivyo vilikuwa vikihamahama na kujificha. Nani angebeba kamera?

Faye Schulman aliibeba. Alikuwa mpiga picha katika mji mdogo wa Lenin, ambao leo uko Belarus. Agosti 1942 Wajerumani waliwaua Wayahudi wapatao 1,850 wa mji huo, wakiwemo wazazi wake. Yeye wakamwacha hai kwa sababu walihitaji fundi wa picha. Wakamletea filamu azisafishe, na katika picha mojawapo ya kaburi la halaiki akaitambua familia yake. Alichapa nakala akaificha.

Wapiganaji wa msituni walipouvamia mji, akaondoka nao. Walimpokea kama muuguzi, na katika uvamizi mwingine akafanikiwa kuchukua vifaa vyake. Usiku alisafisha filamu chini ya mablanketi. Mchana aliibana filamu na karatasi ya picha, akavielekeza juani mpaka picha itokee. Kamera aliifukia ardhini ilipobidi. Zaidi ya picha 100 zilisalimika, na katika mojawapo amesimama na bunduki, amevaa koti la manyoya ya chui.

Wapiganaji wengine wengi wana midomo yao tu, na kwa maoni yangu kuna mambo ambayo mdomo huyaeleza kuliko kamera. Filamu ya Josh Waletzky, Partisans of Vilna, ya mwaka 1986, imejengwa juu ya simulizi za waliokuwa wapiganaji wa geto la Vilna, nchini Lithuania. Huko Julai 1943 Wajerumani walimtaka kamanda wa siri wa wapiganaji, Yitzhak Wittenberg. Wenzake walimpokonya kwa nguvu kutoka mikononi mwa waliomkamata, wakamficha. Lakini wakazi wa geto, wakihofia kuuawa wote kwa ajili ya mtu mmoja, walishinikiza atolewe. Wapiganaji wangewafyatulia risasi ndugu zao wenyewe? Wittenberg akajisalimisha, akafa mikononi mwa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi.

Hata kama kamera ingekuwepo siku hiyo, ingeonyesha mtu akitembea kuelekea lango la geto. Ubishi wa usiku kucha, nani alisema nini, nani aliona aibu, hayo yanapatikana kwa kuwauliza waliokuwepo. Na muda wa kuwauliza ulikuwa mfupi. Abba Kovner, aliyeshika uongozi baada ya Wittenberg na anayesikika katika filamu hiyo, alifariki mwaka 1987.