Mzee Anapimwaje Kabla ya Kupewa Huduma?

Mjadala kuhusu matunzo ya muda mrefu ya wazee, yale yanayolipiwa na fedha za umma, huanzia kwenye bajeti na mara nyingi huishia hapo hapo. Sisi tunaoshughulika na huduma hizi tungeanza na swali jingine: mzee anapimwaje ili ijulikane anastahili nini?

Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995. Kwa takriban miaka 20 mpimaji alihesabu hasa dakika: za kuogeshwa, za kulishwa, za kusaidiwa kuinuka kitandani. Sasa mfikirie mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Anaoga na kula mwenyewe, lakini usiku wa manane anafungua mlango na kutoka, au anaacha jiko likiwaka. Bintiye halali, ila kwenye fomu dakika ni chache, na msaada nao ni mdogo. Yalifanyika marekebisho madogo madogo, hadi mwaka 2017 kipimo chenyewe kilipobadilishwa. Ngazi 3 zikawa 5, na kinachoangaliwa ni jinsi mtu anavyojimudu, kumbukumbu na mwenendo vikiwemo.

Kipimo kizuri nacho huharibiwa na malipo mabaya. Mtoa huduma akilipwa kwa saa, kisha akamzoeza mzee aliyepata kiharusi mpaka akaanza tena kuvaa shati lake mwenyewe, amejipunguzia kipato. Nchini Denmark, mwaka 2015 sheria ilianza kuzitaka serikali za mitaa ziangalie kwanza kama mtu anaweza kusaidiwa kurudisha uwezo wake kabla ya kupewa msaada wa kudumu nyumbani.

Na jamaa wanaotunza? Ujerumani humruhusu mzee achague pesa taslimu badala ya huduma, awape jamaa wanaomtunza, ingawa pesa hizo ni pungufu ya thamani ya huduma. Japani, ambayo bima yake ilianza mwaka 2000 na huchangiwa kuanzia umri wa miaka 40, ilichagua kutoa huduma tu. Baadhi ya waliopinga pesa walihofia zingemfunga mkwe wa kike nyumbani. Hofu hiyo ina msingi. Binafsi naona pesa zinafaa pale tu zinapoambatana na siku za mapumziko za uhakika. Bila hizo ni ujira duni wa kazi isiyo na likizo.

Kama familia yako inasubiri mpimaji, jambo moja. Wazee hujikaza mbele ya mgeni. Atasema "mimi mzima", atasimama kumsalimia, na mpimaji akishaondoka atalala mchana kutwa kwa uchovu. Kwa hiyo andikeni kila kinachotokea kwa wiki mbili kabla, hasa usiku: aliamka mara ngapi, nani aliamka naye, alianguka wapi. Anayemtunza kila siku awepo wakati wa kupimwa, na apewe nafasi ya kuzungumza na mpimaji pembeni, maana kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema mbele ya mzazi wake.