Astrida: mji wa Rwanda uliobeba jina la binti wa Uswidi

Ukikutana na bahasha ya enzi za Wabelgiji yenye muhuri wa posta ulioandikwa ASTRIDA, usihangaike kuutafuta mji huo kwenye ramani ya leo. Ni Butare, kusini mwa Rwanda, ambayo nayo tangu mageuzi ya utawala ya 2006 inaitwa Huye. Kule Kongo wakoloni walikuwa na Léopoldville, Elisabethville na Albertville. Hapa hawakutia "ville" (mji, kwa Kifaransa), walibandika tu herufi "a" mwishoni mwa jina la mwanamke.

Mwanamke mwenyewe ni Astrid, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1905 katika ukoo wa kifalme wa Uswidi. Aliolewa na Leopold wa Ubelgiji mwaka 1926, akawa malkia 1934, na mwaka uliofuata, tarehe 29 Agosti, akafariki kwa ajali ya gari huko Küssnacht, Uswisi. Mumewe ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Marehemu alikuwa na miaka 29.

Jina lake lilidumu Rwanda hadi uhuru wa 1962. Shule iliyoanzishwa hapo mwaka 1929, Groupe Scolaire d'Astrida, iliwatoa makarani na waganga wasaidizi wa Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi chini ya Wabelgiji, nao wakajulikana kama "Astridiens". Mwanamfalme Louis Rwagasore wa Burundi alisoma hapo. Kwa hiyo kwa wazee wengi wa maziwa makuu, Astrida ni usomi kwanza. Malkia anakuja baadaye, kama anakumbukwa.

Na jina lina maana gani? Kwa kuwa Kilatini kina neno astra, yaani nyota, wengi huona jibu liko wazi. Kumbe sivyo. Jina ni la Kinorse cha kale, lugha ya Skandinavia ya enzi za Waviking, Ástríðr, na umbo lake la awali ni Ásfríðr. Sehemu ya kwanza, áss, ni mungu, mmoja wa ukoo wa Odin na Thor. Ya pili, fríðr, ni mzuri wa kupendeza. Sauti f ilimezwa, s na r zikagusana, na ulimi ukachomeka t katikati. Jaribu kusema "asrid" harakaharaka mara kumi, utaisikia hiyo t ikijipenyeza yenyewe. Sisi tukikwamishwa na konsonanti zilizorundikana huzitenganisha kwa irabu, ndiyo maana utasikia pia "Asitirida".

Jina hili limechongwa kwenye mawe. Huko Täby, kaskazini mwa Stockholm, mahali paitwapo Broby bro, mama mmoja wa karne ya 11 alisimamisha mawe ya kumkumbuka mumewe, Östen. Maandishi ya runi, herufi za kale za Ulaya ya kaskazini, yanasema mume alikwenda Yerusalemu akafia Ugiriki. Neno la kwanza kabisa jiweni ni astriþ, jina la mjane, marehemu anafuata. Wataalamu wa leo humwita Estrid, umbo lililozoeleka zaidi Uswidi na Denmark.

Denmark ndiko jina lilikofanya jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Svend, aliyetawala kuanzia 1047, anajulikana kama Svend Estridsen, yaani Svend mwana wa Estrid. Desturi ilikuwa kuitwa kwa jina la baba, kama "bin" yetu. Lakini baba yake, Ulf, hakuwa wa damu ya kifalme. Mama ndiye aliyekuwa dada wa Knud, mfalme wa Denmark. Haki ya kiti ilipitia kwa mama, na jina likapita njia hiyohiyo.

Katika familia za kifalme jina bado linarithishwa kwa usomo. Binti mfalme Astrid wa Norwei, aliyezaliwa 1932, ni somo wa mama yake mdogo, yule malkia wa Ubelgiji. Ubelgiji nako yuko Astrid mwingine, mjukuu wa malkia, aliyezaliwa 1962. Kwenye kalenda ya majina ya Uswidi, siku yao ni 27 Novemba.

Norwei wengi huiacha d ya mwisho isisikike, na wapo wanaoandika Astri moja kwa moja. Rwanda na Burundi mtindo ni kinyume: Kifaransa kimeongeza e, na vyeti vingi vya kuzaliwa vinasoma Astride.