Je, wajua kwa nini rangi hubanduka kwenye bampa na kuuacha mlango?

Bila shaka umewahi kuliona gari la namna hii: limepigwa rangi upya, milango na boneti vinang'aa, lakini bampa la mbele linachubuka magamba na plastiki nyeusi inachungulia. Watu husema fundi alinunua rangi ya bei rahisi. Mara nyingi rangi yenyewe haina kosa.

Mlango ni bati. Bampa la magari mengi ya leo ni polipropilini, plastiki iliyochanganywa na mpira ili ibonyee bila kupasuka. Chukua kopo la chakula la plastiki ya aina hiyo, lidondoshee maji. Maji hayatandai, yanajikusanya matonetone kama juu ya jani la myugwa. Rangi nayo ni kimiminika, na kimiminika kisichotandaa hakishiki. Molekuli za polipropilini ni kaboni na hidrojeni tupu, hazina kitu cha kuivuta rangi, kwa hiyo rangi inalala juu kama shuka juu ya mkeka. Jiwe moja dogo la barabarani likiitoboa, maji ya kuoshea gari yanaingia chini yake na kuiinua.

Viwandani tatizo hili lina dawa ya kushangaza: moto. Kabla ya kupulizwa rangi, bampa huweza kupitishiwa mwali kwa kasi, bila kuyeyuka, na oksijeni ikajishikiza kwenye ngozi ya juu ya plastiki. Hapo rangi inapata pa kushika. Nyumbani usithubutu. Tumia praima maalumu ya plastiki, yaani tabaka la kwanza la kushikisha rangi, ambayo ndani yake kuna ndugu wa polipropilini aliyetiwa klorini: anaelewana na bampa na anaelewana na rangi. Ipulizwe nyepesi sana, maana ikiwa nzito inakuwa yenyewe tabaka la kubanduka.

Lakini kwanza ijue plastiki yako. Geuza kipande, tafuta herufi zilizochapwa nyuma. PP (polipropilini), au PP+EPDM (polipropilini yenye mpira), ndiyo ile kaidi. ABS, ambayo utaikuta sana kwenye kava za vioo vya pembeni, hupokea rangi kirahisi zaidi. Kisha osha kwa sabuni kabla ya kugusa msasa. Hapa ndipo wengi huharibu kazi: wakianza na msasa, nta na silikoni za kung'arishia gari zinasukumwa ndani ya mikwaruzo, na rangi itakayofuata itatoka vitobo vitobo. Baada ya kuosha na kukausha, msasa wa namba 400 hadi 600 unatosha.

Sasa rangi ifanane na bodi. Kwenye Toyota tafuta kibati chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango, penye maandishi C/TR. Herufi au tarakimu zinazofuata, kabla ya alama ya mkwaju (/), ndizo namba ya rangi. 040 ni nyeupe ya kawaida, rahisi kuipatia. 070 ni nyeupe ya lulu, na ninamwonea huruma anayejifunzia hiyo: chini nyeupe, katikati tabaka la lulu, juu klia, yaani tabaka angavu la kukinga rangi, na kila ukiongeza mpulizo wa lulu sura inageuka. Za fedha nazo zina vipande vidogo vya alumini. Ukipuliza karibu na kwa wingi vinazama, rangi inakolea. Ukipuliza mbali inatoka nyeupe zaidi. Namba ni ileile, kopo ni lilelile, mkono tu umebadilika. Tena namba inaeleza rangi ya siku gari lilipotoka kiwandani, na jua limekuwa likiipausha tangu hapo. Kwa hiyo puliza kwanza kwenye kipande cha kadi, malizia na klia, kikauke, kisha kishikilie kando ya gari nje juani. Kitazame ukiwa mbele yake, halafu ukiwa ubavuni.

Klia inayochanganywa na hadina, kimiminika cha kuigandisha, ndiyo ngumu kuliko zote na hustahimili petroli, lakini hadina hiyo ina isosianeti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakiizuii, wala barakoa ya karatasi. Kwa hiyo puliza praima na rangi mwenyewe mahali penye hewa ya kutosha, kisha klia ya namna hiyo mpelekee fundi mwenye vifaa.