Je, wajua kwa nini Mto Ruaha Mkuu hukauka kiangazi, na kwa nini kuwaondoa wafugaji hakukuurudisha?

Msafiri anayetoka Makambako kwenda Mbeya mwezi wa Oktoba, wakati nyasi zimekwisha kukauka na vumbi limetanda kila mahali, huvuka madaraja ya mito ya Mbarali, Kimani na Chimala na kuona maji yakipita chini yake. Maji hayo hushuka kutoka safu za Kipengere na Uporoto, ambako baadhi ya maeneo hupata mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka, na ambako udongo wa milimani huyahifadhi na kuyaachia polepole hata mvua zinapokuwa zimekoma. Hata hivyo, mwezi huohuo, upande wa kaskazini-mashariki ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto unaopaswa kubeba maji ya mito hii yote huwa mchanga mtupu wenye madimbwi machache, ambamo viboko na mamba husongamana na samaki hufa. Hali hii imekuwa ikijirudia mwaka hadi mwaka tangu 1993. Maji yanayoonekana pale darajani hupotelea wapi?

Jibu linaanzia katika umbo la ardhi yenyewe. Usangu ni uwanda tambarare ulio katika mwinuko wa mita elfu moja na ushei, umezungukwa na milima karibu pande zote, na sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya. Mvua ya uwandani ni ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu, kati ya Novemba na Aprili au Mei, kwa hiyo watu wa huku huishi kwa maji ya milimani kuliko kwa mvua inayowaangukia. Mito ikishafika uwandani hupoteza kasi, hutawanyika, na mwishowe hukusanyika katika kinamasi kikubwa cha matete kiitwacho Ihefu. Kinamasi hicho kina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao uko Ng'iriama, mahali ambapo mwamba umelala kuukatiza mto. Maji yakiwa juu ya mwamba huo, Ruaha Mkuu huendelea na safari yake hadi hifadhini na kisha hadi Bwawa la Mtera. Yakishuka chini yake, hata kwa kiasi kidogo, mto hukatika. Ihefu ni kama beseni lililomeguka ukingo mahali pamoja: kinachotoka ni kile tu kinachozidi kimo cha pale palipomeguka.

Umuhimu wa mwamba huo ulidhihirika vizuri zaidi katika utafiti wa mradi wa RIPARWIN, ambao uliwakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba, kati ya 1958 na 2004, maji yanayoingia Ihefu katika miezi ya Julai hadi Novemba yalipungua kwa takriban asilimia 70, na kwamba eneo la kinamasi linalobaki na maji wakati wa kiangazi lilisinyaa kutoka kilomita za mraba 160 hadi 93. Watafiti hao walikadiria kwamba uhai wa mto hifadhini unahitaji mtiririko mdogo sana, mita za ujazo 0.6 tu kwa sekunde. Lakini ili kiasi hicho kipate kuvuka mwamba wa Ng'iriama, ni lazima wastani wa mita za ujazo 7 kwa sekunde uingie Ihefu kutoka juu, jambo lililomaanisha kuongeza maradufu maji yaliyokuwa yakifika wakati huo.

Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo inayoeleza karibu kila kitu. Sehemu kubwa mno ya maji yanayoingia Ihefu kiangazi hunyonywa na jua na mimea ya kinamasi kabla hayajafika mlangoni. Jua halipunguzi sehemu yake eti kwa sababu mwaka ni mbaya. Kwa hiyo kila lita inayochukuliwa huko juu haikatwi katika mgao wa jua, bali hukatwa katika ile ziada ndogo iliyokuwa ivuke mwamba. Mkulima wa Igurusi anayefungulia mfereji wake mwezi wa Septemba anaona kwamba amechota kidogo tu katika mto ambao bado unatiririka, na kwa macho yake anachokiona ni kweli. Lakini machoto hayo madogo yakijumlishwa katika mifereji mingi, yanatosha kuukausha mto mzima huko mbele.

Mifereji hiyo ilitoka wapi? Kilimo cha mpunga wa kumwagilia Usangu kina historia ndefu kiasi, na miongoni mwa waliokikuza katika karne iliyopita walikuwamo wafanyabiashara Wabaluchi waliolowea Rujewa. Baada ya uhuru yakaja mashamba makubwa ya serikali: Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, kisha Kapunga, kila moja likiwa na hekta zipatazo 3,000, na baadaye skimu ya wakulima wadogo ya Madibira. Kandokando ya mashamba hayo majaruba ya wakulima binafsi yalienea kwa kasi, yakivutia Wanyakyusa, Wasafwa, Wabena, Wakinga, Wahehe na wengine wengi, hata ikafika mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo la umwagiliaji likawa hekta 40,000 hivi katika mwaka wenye maji mengi. Mchele wa Mbeya unaosifiwa katika masoko ya Dar es Salaam unatokana kwa kiasi kikubwa na majaruba haya, na si haki kuuzungumzia mto bila kukumbuka kwamba maelfu ya kaya husomesha watoto wao kwa mpunga huo.

Hapa ndipo utafiti ulipotoa jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mabanio ya asili, yaani vizuizi vya mawe, magogo na nyasi ambavyo wakulima huvijenga mtoni kuelekeza maji mferejini, yalikuwa yakivuja wakati wa kiangazi na kusombwa wakati wa mafuriko, na kwa sababu hiyo yalionekana kuwa ishara ya upotevu. Miradi ya maendeleo ya miaka ya 1990 ikayabadilisha mengi kuwa mabanio ya zege yenye milango ya chuma, kwa matumaini kwamba ufanisi utaongezeka na maji yataokolewa kwa ajili ya walio chini. Kilichotokea mahali pengi ni kinyume chake. Banio la nyasi liliruhusu sehemu ya mto ipenye hata mwenyewe asipotaka, lakini banio la zege, likifungwa vizuri, linaweza kuuelekeza mto wote mferejini wakati maji yakiwa haba. Isitoshe, maji mengi yaliyohesabiwa kuwa yamepotea katika majaruba ya juu hayakuwa yamepotea hata kidogo, kwani yalirudi katika mifereji ya chini na kutumiwa na mkulima mwingine.

Utaratibu wa ada ya maji nao ulileta matatizo ya aina hiyohiyo. Haki za maji ziliandikwa kwa lita kwa sekunde, kiasi kimoja kisichobadilika, ilhali mto hubadilika kutoka gharika la Machi hadi kijito cha Oktoba. Jumla ya haki zilizoandikwa ilipita uwezo wa mito wakati wa kiangazi, na aliyekwisha kulipia aliona kwamba maji yale ni yake, hata kama jirani wa chini alikuwa akitazama mfereji mkavu. Katika bonde la Mkoji, ambako wakulima wa juu hustawisha vitunguu, nyanya na mahindi mabichi wakati wa kiangazi, ugomvi wa zamu za maji na wa kufunguliana mabanio usiku ulikuwa jambo la kawaida.

Pamoja na hayo yote, lawama kubwa kwa miaka mingi haikuelekezwa kwenye mifereji. Ilielekezwa kwa wafugaji. Kuanzia miaka ya 1950 na hasa kuanzia miaka ya 1970, Wasukuma, Wamasai, Wabarabaig na Wagogo walihamia Usangu na mifugo yao, kwa kuwa Ihefu ilitoa malisho mabichi wakati ambapo kwingineko hakuna hata unyasi. Ng'ombe huonekana kwa mbali, hukanyaga mazao, huacha vumbi. Maji yanayochepushwa kilomita nyingi huko juu hayaonekani na mtu aliyesimama hifadhini. Mradi wa utafiti wa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza kati ya 1998 na 2001, uliichunguza lawama hiyo na kuhitimisha kwamba chanzo kikuu cha kukauka kwa mto kiangazi ni uchepushaji wa maji kwa ajili ya umwagiliaji, wala si mifugo.

Hitimisho hilo halikufuatwa. Tayari mwaka 1998 sehemu ya uwanda ilikuwa imetangazwa kuwa Pori la Akiba la Usangu. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utakuwa ukitiririka mwaka mzima, na mwaka 2006, nchi ikiwa katika ukame na mgao mkali wa umeme, serikali ilianza operesheni ya kuwaondoa wafugaji Ihefu na kuwapeleka hasa katika mikoa ya Lindi na Pwani. Ng'ombe wengi walikufa njiani au kuuzwa kwa bei ya kutupa, na malalamiko ya faini na unyanyasaji yalikuwa mazito kiasi kwamba mwaka 2007 iliundwa tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 pori hilo liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo ilipanuka hadi kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Mwaka 2010 ulifika na kupita, na mto ukaendelea kukauka. Ninaamini kwamba hilo lilikuwa jaribio kubwa kuliko utafiti wowote, nalo lililipiwa na watu ambao hawakuwa wameyachukua maji yale.

Suala la umeme nalo linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo lililotumika zaidi kuhalalisha haraka ile. Mitambo ya Mtera, yenye megawati 80, na Kidatu, yenye megawati 204, hutegemea maji ya Ruaha Mkuu pamoja na mito ya Ruaha Mdogo na Kisigo. Lakini Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Mtiririko wa Oktoba, hata ungerudi wote, ni kiasi kidogo sana katika bwawa la ukubwa ule, na wataalamu waliopitia kumbukumbu za miaka ya 1990 walionyesha kwamba upungufu wa wakati huo ulichangiwa sana na jinsi mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa. Maji ya kiangazi yana thamani kubwa, lakini thamani hiyo ni ya viumbe wa hifadhini na ya watu waishio kando ya mto. Kuyachanganya mahitaji haya mawili kulifanya kila mgao wa umeme uwe kesi dhidi ya wafugaji wa Usangu.

Kati ya mbinu zilizojaribiwa kutuliza migogoro, ninayoiona kuwa ya maana zaidi ni mchezo wa bonde la mto, uliobuniwa na watafiti wa RIPARWIN na kuchezwa na wakulima wenyewe. Ubao mrefu huwekwa ukiwa umeinama kidogo, ukiwa umechongwa mto na mifereji yake. Gololi humwagwa kutoka juu kama maji, na wachezaji huweka vijiti vidogo kama mabanio. Mara ya kwanza kila mtu hutega kwa ajili yake, na wa chini hubaki bila gololi hata moja. Kisha hukaa pamoja, wa juu na wa chini, na kupanga nani apunguze nini na lini. Mazungumzo yaliyokuwa hayawezekani pale penye mfereji, ambapo mtu huja na jembe mkononi na hasira moyoni, yaliwezekana mbele ya ubao, na jumuiya za watumia maji zilipata mahali pa kuanzia.

Watafiti waligundua pia kwamba mifereji mingi huachwa wazi kiangazi si kwa sababu ya kilimo. Vijiji vimekua kandokando ya mifereji, na watu huchota humo maji ya kunywa, kufulia, kunyweshea mifugo na kufyatulia matofali. Ili ndoo chache zifike kijiji cha mwisho, mtiririko mkubwa hulazimika kupita mferejini kilomita nyingi na kuishia ardhini. Kisima kirefu chenye pampu katika kijiji cha namna hiyo kinaweza kuurudishia mto maji mengi kuliko doria yoyote, kwa kuwa kinauruhusu mfereji ufungwe kuanzia mavuno hadi wakati wa kuandaa vitalu vya mpunga.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilizipa jumuiya za watumia maji nafasi ya kisheria, na mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuinusuru ikolojia ya Ruaha Mkuu. Mwaka huohuo Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, uliolenga kuimarisha utalii katika hifadhi za kusini na kuboresha usimamizi wa maji katika bonde hili. Aprili 2024 benki ilisimamisha utoaji wa fedha hizo kufuatia malalamiko ya wanavijiji wanaopakana na Hifadhi ya Ruaha kuhusu mipaka na vitendo vya askari wa hifadhi, na baadaye mwaka huo mradi ukafutwa. Kwa upande wa mipaka kila hatua imekuwa na tangazo na askari wake. Kwa upande wa mabanio, kazi ya kuyafanya yagawe mto kwa mafungu, ili maji yakipungua kila mmoja apungukiwe na sehemu fulani ibaki kwa ajili ya Ihefu, bado inawangoja wahandisi, ofisi ya bonde na wakulima wa Mbarali.