Njia za Finale Ligure hazikuota zenyewe: dhana potofu kuhusu baiskeli za milimani

Ukimwambia mtu unaendesha baiskeli pwani ya Mediterania, kinachomjia akilini ni barabara ya lami kando ya bahari, jua la asubuhi na mtu anayekanyaga pedali polepole. Nimeendesha misimu kadhaa kwenye misitu iliyo nyuma ya Finale Ligure, mji wa pwani wilayani Savona, mkoa wa Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia, na maswali ninayoletewa na ndugu zangu ni yale yale. Mengi yanatokana na dhana ambazo, ukipanda nazo mlimani, zinaweza kukuvunja mkono. Nyingine hazimdhuru mwendeshaji ila zinaidhuru njia yenyewe, na hizo ndizo zinazoniuma zaidi.

Kwanza hiyo pwani. Liguria tambarare ni ya kutafuta. Milima inaanzia karibu na mchanga. Pale kwenye kambi ya zamani ya NATO, ambapo safari nyingi za kushuka huanzia, uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe unaiona kule chini. Unaanza kwenye msitu wa kivuli na ubaridi, unaingia kwenye mialoni isiyopukutisha majani, kisha misonobari na vichaka vya rozimari, halafu mizeituni, na mwisho matairi yanagonga mawe ya vichochoro vya mji. Mashindano ya Enduro World Series yalipoanzishwa mwaka 2013, msimu wa kwanza ulifungwa hapo Finale. Na enduro si kuteremka tu: saa huhesabu vipande vya mteremko, lakini mshindani anapaswa kuvifikia kwa nguvu za miguu yake, tena kwa muda aliopangiwa.

"Kiangazi ndio msimu wenyewe"

Hapana, na hapa sisi tuliokulia Afrika Mashariki ndio tunaokosea kirahisi. Kule mvua na joto haviji pamoja. Mvua huanguka kuanzia Oktoba na kuendelea kwenye miezi ya baridi, wakati Julai na Agosti ardhi hukauka mpaka ikageuka unga. Milima iliyo nyuma ya mji huzuia sehemu kubwa ya upepo wa kaskazini, kwa hiyo mwezi Februari, huku miji ya ndani ikiwa na ukungu na barafu, Finale watu wanaendesha na koti jepesi tu. Miezi mizuri ni kuanzia Oktoba hadi Mei, ukikwepa siku zile za mvua kubwa. Cha kuangalia majira hayo ni giza, kwa sababu jua huzama mapema na chini ya mialoni mwanga hupotea kabla ya muda wake. Taa ndogo mfukoni haina uzito.

"Ardhi kavu haitelezi"

Hii imeangusha wengi. Ardhi kavu ya huko ni ngumu kama saruji, na juu yake kuna tabaka jembamba la vumbi na vikokoto vinavyobingirika. Tairi linakanyaga kokoto, kokoto linabingirika, na wewe unakwenda nalo. Sindano za misonobari zikikauka zinateleza vibaya sana kwenye kona. Majani ya mwaloni nayo hujaa kwenye mabonde ya njia na kuficha mawe, kwa hiyo ukiona zulia safi la majani, chukulia kwamba chini yake kuna jiwe. Mvua ikinyesha mambo yanageuka: mawe ya chokaa yaliyosuguliwa miaka na miaka na kwato za nyumbu, viatu na matairi huwa kama sabuni, na udongo wa mfinyanzi unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakwama.

Ndiyo maana upepo wa tairi si jambo dogo. Mwenzangu mmoja alikuja na matairi yaliyojazwa mpaka yanalia ukiyagonga kwa kidole, kwa imani kwamba tairi gumu ndilo lenye kasi. Kwenye lami, labda. Kwenye mawe tairi gumu linarukaruka, na likiwa hewani halishiki kitu. Mtu wa kilo sabini na kitu, mwenye tairi nene lisilo na tyubu, mara nyingi huwa kwenye PSI (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 22 hadi 26, nyuma zaidi kidogo kuliko mbele. Tairi la namna hiyo hutiwa maji maalumu ya kuzibia, na mwiba ukiingia tundu linajiziba lenyewe huku ukiendelea na safari. Kwa vichaka vya Mediterania, ambavyo karibu kila kimoja kina miiba, hilo ni jambo la kushukuru.

"Usiguse breki ya mbele, itakurusha"

Tulifundishwa hivi utotoni na tumekua nayo. Ukweli ni kwamba breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli. Unapofunga breki uzito mwingi unasogea mbele, gurudumu la mbele linashika ardhi na la nyuma linakuwa jepesi. Anayetegemea breki ya nyuma peke yake kwenye mteremko mkali anaburuza tairi, hapunguzi mwendo wa maana, na anaacha mfereji nyuma yake. Kinachomrusha mtu ni kuikaba breki ya mbele ghafla akiwa amesimama wima na mikono imelegea. Shusha kiti, peleka makalio nyuma, shusha visigino, kisha bana kwa kidole kimoja, taratibu, kama unayekamua ndimu. Na ukikodi baiskeli, jaribu breki moja moja kabla ya kuondoka dukani: Uingereza ya mbele huwa mkono wa kulia, ila Bara la Ulaya mara nyingi huwa kushoto. Hilo usilivumbue ukiwa kwenye kona.

"Ni msitu tu, hauna mwenyewe"

Hapa naomba msomaji avumilie, maana ndilo lililonifanya niandike.

Misitu hii inaonekana ya asili, lakini karibu kila hatua yake imepita mikononi mwa mtu. Vilima vimekatwa ngazi ngazi na kuzuiwa kwa kuta za mawe yasiyo na saruji wala udongo wa kuunganishia, ili mizeituni na mizabibu ipate mahali pa kusimama. Watu walipohamia kazi za mjini msitu ukarudi na kuzifunika kuta, na ndiyo maana utakuta mwaloni mkubwa umeota katikati ya lililokuwa shamba. Njia nyingi tunazoendesha ni zile walizopita wakulima na nyumbu wao. Katika bonde la Ponci, nyuma ya Finale, kuna madaraja ya Warumi kwenye barabara ya Via Julia Augusta, iliyoanzishwa mwaka 13 kabla ya Kristo, na baiskeli zinapita bondeni humo hadi leo. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ufundi wa kuta zile za mawe yasiyo na saruji kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa ombi la nchi nane, Italia ikiwemo.

Nilijitolea asubuhi moja kusaidia kutengeneza njia. Mzee tuliyekuwa naye alinipa kazi ya kurudisha ukuta uliobomoka kwa upana wa kama mikono miwili tu. Ilituchukua mpaka saa saba mchana. Jiwe kubwa linawekwa chini, uso mzuri ukitazama nje, na mkia wake mrefu ukiingia mlimani. Kila safu inarudi nyuma kidogo, ili ukuta ulalie mlima. Nyuma yake unajaza vijiwe vidogo, na hapo ndipo siri ilipo: maji ya mvua yanapita katikati ya mawe bila kuusukuma ukuta. Nilipotaka kuziba pengo kwa udongo alinishika mkono akasema hapana, ukiyafungia maji ndani yataubomoa. Chanzo cha kubomoka alinionyesha bila kumlaumu mtu. Juu ya ukuta palikuwa na alama za matairi ya watu waliokata kona. Walilegeza jiwe moja la juu, na mvua ikafanya yaliyobaki.

Mvua ya Liguria hainyeshi kidogo kidogo. Huanguka kwa saa chache kwa kishindo, kama ilivyoonekana Novemba 2011 mji wa Genoa ulipofurika. Maji hutafuta mfereji uliokwisha chimbwa, na mfereji huo ni alama ya tairi lililoburuzwa. Kwa hiyo watengenezaji huweka vituta vya mshazari kukatiza njia, ili maji yatolewe pembeni kabla hayajapata nguvu. Wageni huvidhania vimewekwa kwa ajili ya kuruka, wakivisawazisha kwa matairi au kupita pembeni yake, na mvua inayofuata njia nzima inakuwa korongo.

Wapo pia wanaosema baiskeli zinaharibu msitu kuliko watembea kwa miguu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 huko Ontario, Kanada, uliwapitisha wote wawili kwenye msitu idadi sawa ya mara, na madhara kwa mimea na udongo hayakutofautiana sana. Lakini ule haukuwa msitu wa Mediterania wenye udongo mwembamba na miteremko ya namna hii, kwa hiyo siuchukui kama ruhusa. Gurudumu linalozunguka halina neno. Lililofungwa ndilo lenye madhara.

"Msitu wa kijani hauungui"

Majani ya rozimari yana mafuta, misonobari ina utomvu, na baada ya miezi bila mvua vyote viko tayari. Tarehe 16 Agosti 2021 moto ulizuka karibu na Gonfaron, kwenye milima ya Maures kusini mwa Ufaransa, ukateketeza zaidi ya hekta 6,000, na watu wawili wakafa. Kwa sababu ya hatari ya namna hiyo, kule Ufaransa hutolewa ramani ya rangi kila siku wakati wa kiangazi kuonyesha misitu iliyofungwa. Ikifungwa, baiskeli inabaki nyumbani. Njia nyembamba uliyoifurahia asubuhi haina pa kutokea moshi ukiziba.

Kuhusu baiskeli za umeme na ule usemi kwamba ni za wavivu, niseme machache: kwa sheria ya Umoja wa Ulaya mota yake ni wati 250, inasaidia tu unapokanyaga, na inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Kushuka na chombo cha kilo ishirini na zaidi kunahitaji mikono imara.

"Kuosha baiskeli ni urembo"

Januari 2022 mzoga wa nguruwe mwitu uliokutwa Piemonte, jirani na Liguria, ulithibitishwa kuwa na homa ya nguruwe ya Afrika. Haikupita wiki mbili serikali ikapiga marufuku uwindaji, uokotaji uyoga, matembezi na baiskeli za milimani kwenye misitu ya manispaa 114 za mikoa hiyo miwili, kwa miezi sita. Binadamu haambukizwi, ila kirusi hukaa kwenye matope, na matope husafiri kwenye tairi na soli ya kiatu mpaka kwenye zizi la mfugaji.

Ugonjwa huu uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, na ulikotambuliwa ni Kenya, kwenye nguruwe wa walowezi. Ngiri wetu huubeba bila kuugua. Kwa hiyo nikimaliza safari nachukua brashi na ndoo, naanza na kashata za tairi la nyuma, kisha chini ya fremu pale matope yanapojificha, halafu nageuza viatu na kusugua soli mpaka rangi yake ionekane.