USB haiongezi mbio za darubini

Nimeulizwa tena: "Nikiacha siriali nikaweka USB, darubini itazunguka haraka zaidi?" Haitazunguka. Mbio ni kazi ya mota na gia. Kebo ya kutoka kwenye kompyuta, iwe ya USB au ya siriali (njia ya zamani ya kutuma data biti moja baada ya nyingine), inabeba maagizo tu.

Stendi nyingi zenye mota huongea kwa biti 9600 kwa sekunde. Toa biti za kuanzia na za kumalizia, unabaki na baiti 960 hivi. Unaona ni kidogo? Kwa Celestron, programu ikitaka kujua darubini inatazama wapi hutuma herufi moja, "e", ikajibiwa kwa herufi 18. Maongezi yote yamekwisha ndani ya milisekunde 20 na ushei. Kamera sawa, ipewe USB bila mjadala: picha ya baiti milioni 40 kwa siriali ingechukua zaidi ya saa 11.

Sasa linaloniudhi. Hiyo soketi ya USB unayojivunia kwenye rimoti ya stendi, mara nyingi nyuma yake kuna chipu ya kugeuza, ya Prolific au FTDI au wenzao, na nyuma ya chipu kuna siriali ileile. Ndiyo maana Windows inakuonyesha COM5, jina la tundu la siriali! Kigeuzi hujakikwepa, umekinunua kikiwa kimefungiwa ndani, mahali ambapo kikifa huwezi kukichomoa ukaweka kingine. Na kila chipu huja na draiva yake na vituko vyake. Ukihamia tundu jingine la laptopu, COM5 huenda ikawa COM7. Programu inabisha hodi kwenye namba ya jana, wewe unailaumu stendi. Kwenye Linux, majina ya matundu hayo, ttyUSB0 na ttyUSB1, hupeana zamu kutegemea nani kawahi, kwa hiyo tumia majina yaliyomo /dev/serial/by-id uachane na kubahatisha. Windows nayo hupenda kulaza matundu ya USB ili kuokoa umeme. Zima hilo kabla hujakimbilia kununua kebo mpya. Ukiona kosa la "Code 10" kwenye Windows kwenye kebo ya Prolific, shuku chipu bandia au ya zamani: draiva mpya huzikataa zote mbili.

Urefu: USB 2.0 mwisho mita 5, RS-232, yaani siriali ya kawaida ya kompyuta, hufika 15 bila kulalamika. Vile viringi vya feraiti vya kubana kwenye kebo ili kupunguza kelele za umeme ninavyo, lakini kama vimewahi kunisaidia siwezi kuapa.

Cha kuogopa kweli ni volti, na hapo hakuna anayeuliza. RS-232 hucheza kati ya chanya na hasi, volti 3 hadi 15 kila upande. TTL, siriali inayotumika ndani ya vifaa, haishuki chini ya sifuri, na juu huishia 5 au 3.3. Stendi ya EQ6 Pro ya Sky-Watcher ina soketi ya pini 9 ya rimoti, sura yake RS-232 tupu, ila ndani ni TTL ya volti 5. Ukichomeka hapo kebo ya kawaida ya RS-232 kutoka kwenye kompyuta, unaweza kuunguza bodi. Ukitaka kuiendesha bila rimoti, tafuta kebo ya EQDIR, inayounganisha kompyuta na stendi kwa volti sahihi, na usikubali kuuziwa nyingine kwa sababu tu "inaingia".